Brashi ya kunyolea: nywele za mnyama au sintetiki? Tuongee kwa maji yetu na joto letu

Ndevu Mvi

Wakuu, salaam. Tangu ule uzi wa vipele vya ndevu, PM yangu imejaa maswali ya brashi. Kujibu mmoja mmoja siwezi, namwaga yote hapa.

Nianze na msimamo ili tusizunguke mbuyu: kwa mtu wa pwani, anayenyoa nyumbani, anayenunua brashi yake ya kwanza, sintetiki. Na siongelei bei. Nimetumia ya nguruwe, ya baja na ya farasi, zote ninazo kabatini na bado nazishika.

Kwanza kazi ya brashi, maana wapo wanaoiona pambo la bafuni. Udevu mkavu ni mgumu, wembe unauvuta badala ya kuukata. Ukinywa maji dakika mbili tatu unalegea. Brashi inabeba maji na sabuni, inakoroga povu zito lisilo na mapovu makubwa, kisha inalisukuma hadi kwenye shina. Sisi wa ndevu za kipilipili ndio wenye faida zaidi: udevu wetu unalala, unajikunja, ukikatwa vibaya unarudi kuchoma ngozi, na hicho ndicho kipele. Brashi inauinua kabla wembe haujafika. Povu la kopo linatoka na hewa nyingi, haliinui kitu.

Sasa aina.

NGURUWE. Nywele nene, zinanyonya maji. Lazima uiloweke kwenye maji ya vuguvugu dakika kadhaa kabla ya kugusa sabuni. Ikiwa mpya inanuka zizi na inakula povu: unakoroga, unakoroga, unapata kidogo. Uvumilivu wake ni wa wiki kadhaa. Baada ya hapo kila ncha inapasuka vipande viwili vitatu, juu inakuwa laini huku shina limebaki gumu, na hapo ndipo utaelewa kwa nini vinyozi wa Italia hawaiachi. Omega wa mji wa Forlì wanazitengeneza tangu 1931, Semogue wa Ureno tangu 1930. Bei zao ni za mwananchi, euro kumi na kitu unapata ya maana.

BAJA. Kwa Kiingereza "badger". Huyu ni mnyama wa Ulaya na Asia, tusimchanganye na nyegere wetu wa asali. Nywele zake zina mstari mweusi katikati na ncha nyeupe. Inashika maji mengi, inatoa joto zuri usoni, na ikiwa ya daraja la juu huisikii ncha kabisa. Bei ndiyo hiyo, ya juu inavuka dola 100 bila wasiwasi. Nywele nyingi zinatoka China.

FARASI. Iko katikati ya hao wawili. Vie-Long wa Hispania ndio wanaojulikana nayo.

SINTETIKI. Nyuzi za plastiki, siku hizi nyingi ni PBT, zimechongwa ncha ziwe nyembamba. Hailowekwi, hainuki, haina wiki za kuizoea. Unailowesha, unaikung'uta, unaanza kazi.

Karibuni tupasuane.

Chuga Boy

Mtoa mada asante kwa madini. Swali: nilinunua moja imeandikwa "pure badger", nikajua nimepata kitu safi. Mbona inachoma kama fagio? Au nimeuziwa kanyaboya?

Ndevu Mvi

Hujaibiwa mkuu. Kwenye biashara hii "pure" ndilo daraja la chini: nywele za kawaida, nyeusi na nene. Juu yake wanaandika "best", halafu "super", halafu "silvertip". Na hakuna chombo kinachosimamia majina hayo, kila kiwanda kinajipangia. "Super" ya huyu inaweza kuwa "best" ya yule. Shika nywele, usishike karatasi.

Mzabzab

Nyie watu mna maisha. Mimi kipande cha sabuni ya kuogea, wembe wa Topaz, dakika tatu nimetoka. Wazungu wamewashika pabaya 😂

Ndevu Mvi

Shingo yako ikoje, mkuu? Tuanzie hapo.

Mzabzab

Shingo tuiache nje ya mada 😂😂

Mtoto wa Likoni

Assalaam aleykum nyote. Mzee Ndevu Mvi umeeleza vizuri sana lakini umepita kwa mbio mahali ambapo sisi watu wa Mombasa na nyie wa Tanga tungesimama. Nguruwe! Kitu chapakwa usoni, chashika mdomo, halafu mtu aenda kuswali? Ndugu zangu wengi wanunua hizi brashi dukani hawajui ni za mnyama gani. Zimeandikwa "bristle" tu, basi.

Ndevu Mvi

Waaleykum salaam. Swali la msingi hilo, na ni moja ya sababu za msimamo wangu. Nilitaka lije kutoka kwa mdau mwenye elimu zaidi yangu. Mpemba, upo?

Mpemba wa Muscat

Nipo. Mimi si mufti, nasema nilichosomeshwa chuoni, kila mtu akamuulize shekhe wake.

Kwa sisi tuliosoma Kishafi, nguruwe ni najisi nzito, nywele zake na ngozi yake sawasawa. Kikigusana naye kitu kikiwa na majimaji, huoshwa mara saba, moja wapo kwa udongo. Na brashi ya kunyolea haiwi ila majimaji. Wapo maulamaa wa madhehebu nyingine walioona jambo hili kwa wepesi, Imam Malik nywele za nguruwe amezihesabu twahara. Lakini huwezi kunyoa kwa Maliki ukaswali kwa Shafi ukajiona umepata bahati.

Baja nae asiwapite hivihivi. Hachinjwi kisheria yule, na kauli mashuhuri ya Kishafi ni kuwa nywele za nyamafu ni najisi. Farasi mambo ni mepesi: nyama yake kwetu ni halali, na nywele za mkia na shingo hukatwa yeye yuhai. Sintetiki haina mjadala wowote.

Jambo hili si la wasiwasi wa watu wachache. Mwaka 2017 Malaysia maofisa walipita madukani wakakamata brashi za rangi zaidi ya 2,000 zilizoshukiwa kuwa na nywele za nguruwe bila kuandikwa. Brashi za rangi! Sembuse ya usoni.

Dukani tazameni maneno haya: "bristle" au "boar" kwa Kiingereza, "setola" kwa Kitaliano, "cerda" kwa Kireno na Kispania, "soies" kwa Kifaransa, "Borste" kwa Kijerumani. Ukiona "pure bristle" bila ya jina la mnyama, huyo ni nguruwe mpaka uthibitishiwe vyengine.

Mama Nasri

Jamani mmenifungua macho. Nataka kumnunulia mume wangu zawadi, nimeona moja kwenye duka la mtandaoni Kariakoo, mpini mzuri kweli, muuzaji anasema "nywele orijino". Orijino ya nini haniambii. Nitajuaje?

Ndevu Mvi

Dada yangu, muuzaji asiyejua anachouza usimlipe kabla ya kukiona. Ikifika mkononi, ng'oa unywele mmoja kwa kibano, usogeze kwenye kiberiti. Wa mnyama utanuka kama unywele wa kichwani ukiungua, utabaki jivu jeusi linalosagika vidoleni. Wa plastiki unasinyaa, unayeyuka, unaacha kitone kigumu kwenye ncha, na harufu yake ni ya mfuko wa rambo uliochomwa. Hukosei.

Ila hii inakupa jibu moja tu, mnyama au plastiki. Nguruwe na farasi zote zitanuka sawa.

Chuga Boy

Nimechoma yangu. Unywele kweli. Nyumba nzima inanuka, wife ananitazama.

Mbongo Ughaibuni

Wakuu, niongeze historia kidogo maana niko Ujerumani na hivi vitu huku ni utamaduni. Kampuni ya Mühle iko kijiji cha Stützengrün, Saxony, tangu 1945, nao ni kati ya waliozipa sintetiki heshima kwa nyuzi walizoziita Silvertip Fibre. Jina linaleta utata kwa sababu silvertip ni daraja la baja, lakini hiyo ni plastiki. Mama Nasri ukiiona usiogope.

Sintetiki za zamani kweli zilikuwa takataka. Nailoni ya kampuni ya DuPont iliingia sokoni kama nywele za miswaki mwaka 1938, na ilipohamishiwa kwenye brashi za ndevu maji yalikuwa yanateleza tu. Uzi ulikuwa mnene toka chini hadi juu, ncha imekatwa butu. Wazee waliozitumia enzi hizo ndio hadi leo wanakwambia plastiki haifai. Leo ncha zinachongwa kwa kemikali na nyuzi zina mikunjo midogo inayoshika povu. Ni bidhaa nyingine kabisa.

Halafu kuna hili la kimeta, wengi hawalijui. Vita ya Kwanza ya Dunia, askari wa Uingereza na Marekani walipata vidonda vya kimeta usoni na shingoni, na chanzo kilikuwa brashi za kunyolea. Walitakiwa kunyoa kwa sababu barakoa ya gesi haikai sawa juu ya ndevu. Vita ikavuruga njia za biashara, nywele za baja zikaadimika, wafanyabiashara wakaingiza za farasi kutoka Asia wakazipaka rangi zifanane na baja, bila kuziua vijidudu ipasavyo. Mwaka 1920 Uingereza ikapiga marufuku brashi za kunyolea kutoka Japani. Hizi za viwandani leo zinasafishwa, msianze kutupa. Lakini mtu akiwaletea brashi ya zamani ya urithi, ya nywele, haijulikani ilitoka wapi, iwekeni kabatini iangaliwe tu.

Kinyozi wa Kirumba

Habari wanajukwaa. Nyie mnaongelea nyumbani, mimi naongelea kijiweni. Kiti changu kinakaliwa na watu wa kila aina, mwenye choa, mwenye majipu ya kisogoni, na wengine hawasemi.

Brashi ya nywele kwa kinyozi ni mtihani. Ukiitia spirit kila mteja, nywele zinakauka zinakatika. Ukiitia klorini ndiyo umeiaga: klorini inayeyusha nywele, ndiyo maana inazibua mabomba ya bafuni. Usipoitia kitu unamhamishia mteja wa saa nne ugonjwa wa mteja wa saa tatu. Wembe mpya kwa kila mtu tulishazoea tangu enzi za kampeni za UKIMWI, lakini brashi hakuna aliyetuambia.

Nilichofanya: sintetiki za bei chee za Kichina, za akina Yaqi, na kila mteja wa kudumu ana yake. Nimeandika majina kwenye mipini kwa makapeni, zimepangwa kwenye rafu kwa mstari. Mwalimu, Bosi Pamba, Mchungaji, Baba Pili. Mtu akiingia anajichukulia mwenyewe. Mteja mpita njia nampaka kwa mkono wenye glavu. Tena wale wa brashi hawahami, maana brashi yao iko kwangu 😄

Mzabzab

Huyu kinyozi ana akili ya biashara kuliko serikali.

Kinyozi wa Kirumba

Karibu Kirumba mkuu, na hiyo shingo tutaiangalia.

Babu Kijana

Naona mnaitukuza plastiki peke yake. Mimi niko Nairobi, si mwislamu, kwa hivyo ile kesi ya najisi hainihusu, na hewa ya huku ni kavu kiasi. Omega yangu ya nguruwe siibadilishi na kitu. Sintetiki inateleza juu ya ndevu, ni laini kupita kiasi, mtu anafurahia kuguswa usoni lakini ndevu hazijaamka. Nguruwe anakwangua. Anaondoa ngozi iliyokufa, anainua zile ndevu zimelala chini ya kidevu. Pia povu: sintetiki yangu ilikuwa inanipa maji maji yanatiririka hadi kwa kiwiko. Nikaipatia kijana wangu asafishie keyboard.

Mtoa mada, jibu hizo mbili.

Ndevu Mvi

Mzee wangu Babu Kijana, shikamoo. La kukwangua ni kweli, nakupa. Nguruwe aliyekwisha kulainika ncha anainua ndevu kuliko sintetiki yoyote niliyoshika. Kwa hali ya hewa ya Nairobi, na kama dini haikubani, huyo ni mnyama mzuri. Ila kukwangua kuna mpaka: mwenye vipele vibichi akisugua kwa kuzungusha anavichubua, vinatoka damu hata wembe haujaguswa. Huyo apake kwenda na kurudi, juu chini, kwa ncha tu.

La maji kutiririka nalikataa. Hapo ni namna ya kutumia. Nguruwe na baja wanakunywa maji ndani ya unywele wenyewe na kuyatoa polepole. Plastiki hainywi kitu, maji yote yamekaa katikati ya nyuzi yakisubiri uibonyeze, na ukiibonyeza kwenye sabuni yanamwagika yote kwa mkupuo. Mtu aliyezoea nguruwe anaichovya, anaikung'uta mara moja, anaanza. Lazima apate supu.

Fanya hivi. Iloweshe, ikamue kwa kiganja, ikung'ute hadi isidondoshe. Sugua kwenye sabuni nusu dakika mpaka uone uji mzito umeshika kwenye ncha. Hamia usoni au bakulini. Sasa ongeza maji kwa ncha za vidole, matone machache, koroga, angalia, ongeza tena. Povu likianza kung'aa na kubaki na ncha iliyosimama ukiinua brashi, acha hapo. Likiwa limefifia na linakauka mashavuni, maji hayajatosha.

Babu Kijana

Marahaba. Nitamnyang'anya kijana nijaribu. Lakini Omega inabaki.

Mtoto wa Likoni

Mzee, na haya maji yetu ya kisima ya chumvi? Mimi povu lakataa kabisa, brashi iwe ya nini. Lageuka maziwa yaliyoganda, na brashi ishafanya utando mweupe kwa ndani.

Ndevu Mvi

Hapo sasa tumefika kwenye kiini cha uzi wangu.

Pwani yetu imekaa juu ya mwamba wa chokaa na matumbawe. Mapango yetu ya Amboni yamechongwa na maji kwenye chokaa hiyohiyo. Maji yakipita humo yanabeba kalsiamu na magnesiamu, na madini hayo yakikutana na sabuni yanaishika na kuigeuza ule utando mweupe. Sabuni yako nusu inaishia kupigana na maji badala ya kutoa povu. Unaongeza sabuni, utando unaongezeka.

Brashi ya nywele inaumia zaidi, kwa sababu unywele una magamba madogo madogo na utando unajishika humo. Inakuwa ngumu, inapoteza ule ulaini uliolipia. Baja ya dola mia kwenye maji ya kisima cha Likoni ni msiba. Plastiki ina uso laini, utando unatoka kirahisi.

Dawa ya kwanza ni kuacha kutumia hayo maji kwenye povu. Kunyoa kunataka kikombe kimoja. Kinga maji ya mvua, weka kwenye dumu safi lenye mfuniko, tumia hayo kwa brashi na povu, ya kisima suuzia uso baadaye. Maji ya mvua hayana chokaa, povu lake utadhani umebadilisha sabuni. Kiangazi, chupa ndogo ya maji ya kunywa inatosha siku kadhaa.

Utando uliokwisha ingia: siki nyeupe ya jikoni, kijiko kimoja kwenye glasi ya maji ya vuguvugu, zamisha nywele tu bila mpini, dakika chache, halafu suuza sana na uoshe kwa shampuu kidogo. Usichemshe maji. Gundi inayoshika nywele kwenye mpini ikilegea, brashi imeondoka.

Mama Nasri

Na kukauka? Bafu letu halina dirisha, hata taulo linaota ukungu masika.

Ndevu Mvi

Dada, kwa bafu hilo usijaribu nywele za mnyama. Baja ikitumika asubuhi, masika, kesho yake katikati bado kuna unyevu. Wiki mbili hivi unaanza kusikia harufu ya koga kwenye shina, na ikishaingia humo haitoki. Sintetiki ukiikung'uta vizuri na kuifuta kwenye taulo, jioni ni kavu.

Ya kuining'iniza kichwa chini au kuisimamisha watu wanabishana mpaka kesho, mimi sijaona tofauti. Hewa ipite, basi. Itoe bafuni ikae dirishani chumbani, na usiirudishe kwenye kile kiboksi cha plastiki ilichokuja nacho ikiwa mbichi.

Mpemba wa Muscat

Huku Muscat joto la mwezi wa sita linakausha hata nguruwe, lakini A/C ikiwashwa mchana kutwa bafu linabaki na mvuke. Naunga mkono.

Kwenye sabuni nako tazameni. Baadhi ya vijiti vya sabuni ya kunyolea vina mafuta ya mnyama, kwenye karatasi huandikwa "tallow". Povu lake zuri mno. Mwenye kujali aulize ni mnyama gani.

Mbongo Ughaibuni

Kuna suala la baja mwenyewe pia. Uingereza analindwa kwa sheria ya 1992, huwezi kumgusa bila kibali. Nywele zinatoka China, na mwaka 2018 PETA Asia, watetezi wa wanyama, walitoa video za mashamba huko, vizimba vidogo vya waya na namna wanavyouawa. Sikuimaliza. Baada ya hapo baadhi ya wauzaji waliacha kuziuza. Brashi zangu za baja nilizonazo natumia mpaka ziishe, mpya sinunui.

Babu Kijana

Na nguruwe je? Au yeye hana wakili?

Mbongo Ughaibuni

Mzee, nguruwe wa brashi alishaliwa zamani. Nywele ni mabaki ya machinjio.

Chuga Boy

Kwa hiyo ya kwangu ya kuchoma nifanyeje? Kuitupa roho inauma.

Ndevu Mvi

Usiitupe. Wewe uko Arusha, hewa inakuruhusu. Itumie bakulini kukorogea povu, halafu paka usoni kwa ncha tu bila kukandamiza. Daraja la chini lina ukakamavu, kwenye sabuni ngumu ya kipande inafanya kazi nzuri kuliko silvertip.

Mama Nasri

Nimeghairi ile ya "orijino". Nimepata sintetiki, muuzaji amenitumia picha ya boksi. Imeandikwa 24 mm na 26 mm zipo zote. Nichukue ipi?

Ndevu Mvi

Hicho ni kipenyo cha nywele pale zinapoingia kwenye mpini. Mume wako ana ndevu uso mzima au kidevu tu?

Mama Nasri

Kidevu na masharubu. Mashavuni hana hata moja 😂

Ndevu Mvi

Basi hata 24 ni kubwa kwake, povu litaingia puani. Muulize muuzaji kama ana 22. Na angalia mpini usiwe mwembamba katikati sana, mkono wenye sabuni unateleza.

Kinyozi wa Kirumba

22 ninazo nne, dada. Njoo PM, natuma kwa basi.